Utosi wa Kofia

Mtu aliyelelewa na msusi hawezi kushindwa kusuka bangili. Nohea alilijua hilo, na Keawe alijua kwamba Nohea analijua. Hata hivyo, kwa siku ya nne sasa mwanamume huyo alikuwa ameketi meza ya nyuma ya darasa, katikati ya wastaafu kutoka Minnesota, akijitia hajui jani lipi lipite juu na lipi lipite chini.

"Mwalimu!" akaita. "Yangu imegeuka nyoka tena."

Darasa likaangua kicheko. Bibi Dorothea, mjane wa miaka sabini na ushei aliyekuwa na midomo myekundu tangu saa moja asubuhi, akamtupia Nohea jicho la uchokozi.

"Msaidie, mwanangu. Kijana wa watu anateseka."

"Anajitesa mwenyewe," Nohea alisema, lakini miguu ilikwisha kumpeleka.

Akainama. Keawe alinuka moshi wa kukaangia kahawa, harufu ile ile ya miaka minne iliyopita, na sabuni ya meli haikuweza kuiondoa. Nohea akashika ncha ya jani ili asishike kitu kingine.

"Bwana, shika hapa. Vuta, usikaze."

"Nikivuta, utakuja?"

"Jani litakuja."

Bibi Dorothea akakohoa kikohozi kisicho na mafua. Nohea akarudi mbele, masikio yanamwaka moto.

Meli yao, Makani Olu, ilizunguka visiwa kila wiki, na kila Jumatano ilitia nanga nje ya Kailua, upande wa Kona. Kupitia madirisha ya darasa mlima ulionekana wote, na wingu lake la asubuhi limeufunga kiunoni. Huko juu, chini kidogo ya wingu, ndiko Holualoa kwenye mashamba ya kahawa na nyumba za wasusi. Nohea alikuwa amepanga kiti chake mwenyewe. Alikipanga kiyape madirisha mgongo, na kwa miaka minne hakukigeuza.

"Sikilizeni," aliwaambia wanafunzi wake, akiinua jani la mkadi lililokwisha kuondolewa miiba na kuchanwa chane nyembamba. "Chane ikikauka inavunjika. Ndiyo maana tuna bakuli la maji. Asiyemaliza leo na anataka kuendelea kesho, aifunge kazi yake kwenye kitambaa kibichi. Lakini asiiweke mno. Siku mbili, basi. Ikizidi hapo inaota ukungu, unatupa."

"Na aliyemaliza?" aliuliza mzee mmoja.

"Aliyemaliza anaiacha ikauke."

"Na aliyekata tamaa?" Bibi Dorothea akadakia.

Nohea alitaka kucheka, kicheko hakikuja. "Naye pia anaiacha ikauke."

Saa tatu boti za kupeleka abiria pwani zilianza kuita, na darasa likatawanyika na bangili zao mkononi. Nohea akabaki akiokota vipande vya majani mezani. Katika mfuko wa aproni yake kulikuwa na karatasi aliyopewa wakati wa chai na Anko Solomona, mwalimu wa gitaa dogo la ukulele na mkuu wa walimu wote wa utamaduni melini. Mkataba wake ulikuwa unakwisha Jumamosi. Karatasi ile ilikuwa ya mkataba mpya wa miaka miwili, kwenye meli nyingine inayokwenda Alaska. "Ofisi ya Honolulu inataka jibu leo," Anko alikuwa amemwambia. "Saa kumi na moja, kabla hatujang'oa nanga, niwe nayo mkononi. Ingawa sijui huko utasuka nini. Barafu?"

Alipoinua uso, Keawe alikuwa bado amekaa.

"Boti zinaondoka," Nohea alisema.

"Zitarudi."

"Umelipa dola ngapi kuja kuniharibia majani?"

"Nimelipa chumba kisicho na dirisha. Nalala kama gunia la kahawa stoo."

"Na hiyo kahawa yenyewe umemwachia nani?"

"Binamu yangu. Najua, atainywa yote." Akacheka kidogo, kisha kicheko kikamwishia usoni. "Nohea, siku nne unaniita bwana. Siku nne. Mimi huyu?"

"Mgeni huitwa bwana. Umekuja kufanya nini?"

Keawe akafungua begi lake, akatoa kitu kilichofungwa kwa gazeti, akakiweka mezani mbele yake kwa mikono miwili.

"Mama amekutumia."

Ulikuwa utosi wa kofia. Kofia ya mkadi huanzia utosini, na utosi ndio jina la nyumba. Kila nyumba ya wasusi ya Kona ina wake, na hausomwi popote isipokuwa kwa kuketi kwenye jamvi la nyumba hiyo. Huu ulikuwa wa akina Kahananui: nyota ya ncha nane, chane nyeusi zikipishana na nyeupe, na chane zilizobaki zikining'inia ndefu pembeni zikimngoja mtu wa kuendelea. Utosi ulioanzwa hapewi mtu wa nje. Ukikabidhiwa mkononi, umeambiwa karibu, keti.

Nohea akauchukua kwa mikono miwili. Alikuwa ameketi kwenye jamvi hilo miaka mitatu, msichana aliyetoka Molokai na sanduku moja, na Anti Luika, mama yake Keawe, akamfundisha kama bintiye. Siku alipovishwa pete na Keawe, Anti Luika ndiye aliyelia kuliko wote. Kisha Nohea akapata kazi ya muda melini, na siku moja darasa likamshangilia sana, naye akalewa makofi. Akawafundisha wageni utosi wa akina Kahananui. Hakuna aliyemlazimisha. Mgeni mmoja akamrekodi kwa simu, na mwaka haukwisha kabla nyota ile ya ncha nane haijaonekana kwenye kofia za duka moja kule Waikiki, zimepangwa kama sahani.

Anti Luika hakupiga kelele. Alifunga mlango tu. Keawe alikuwa mezani ndani, na kabla mlango haujafungwa Nohea alimwona anatazama kikombe chake.

Sasa akaugeuza utosi ule mkononi, taratibu, akiupapasa kwa kidole gumba. Akaugeuza tena. Kidole kikasimama.

"Mama yako hakusuka huu."

Keawe akalikunja gazeti.

"Upande huu chane zimelegea. Anti Luika hajalegeza chane tangu azaliwe. Na mzunguko umevutwa kinyume. Huu umesukwa na mtu wa mkono wa kushoto." Akautazama mkono wa kushoto wa Keawe uliokuwa juu ya meza. Vidole vilikuwa na mikwaruzo myembamba, mingine mibichi, ile inayoachwa na makali ya jani. Siku nne alikuwa ameiona akadhani ni ya matawi ya kahawa. "Keawe. Umeniletea uongo, tena kwa jina la mama yako!"

"Nisikilize."

"Unajua nilivyoshtuka? Unajua nilichofikiri? Nilifikiri nimesamehewa!"

"Mikono yake imekwisha, Nohea." Alisema hivyo kwa sauti ya chini. "Tangu mwaka juzi. Vidole havikunjiki, hata kikombe anashika kwa viganja. Jioni moja akaniambia, utosi huu nitazikwa nao. Nikamwambia, nifundishe mimi. Akacheka mpaka machozi yakamtoka. Halafu yale machozi yakawa ya kweli."

"Wewe? Wewe uliyekuwa unatoroka kuchana majani ukisema kazi yako ni kahawa?"

"Mimi huyo huyo. Nimesuka tosi hamsini. Zote amenifumulisha, moja baada ya nyingine, yeye anaelekeza kwa kidevu. Huu ni wa hamsini na moja. Huu hakusema nifumue. Aliutazama, akaniambia nikachemshe maji." Akauonyesha utosi kwa kidevu. "Nikajiambia, mwenye nacho ndiye anayetoa. Miaka minne iliyopita sikuwa na kitu cha kutoa. Sasa ninacho."

"Mlango ulipofungwa ulikuwa na kitu. Ulikuwa na mdomo."

"Nilikuwa nao. Nikautumia kunywea kahawa." Macho yake hayakumkwepa. "Hakuna siku sijaijutia kahawa ile. Nikiamka naijutia, nikilala naijutia. Nikiona hii meli imesimama pale chini kila Jumatano, naacha kazi, nasimama kwenye mistari ya kahawa kama mtu aliyesahau alichotumwa. Binamu yangu anasema Jumatano nisipewe kisu."

Nohea alitamani kumpiga, na alitamani kukiweka kichwa chake kwenye kifua kile kinachonuka moshi, na hakujua kipi kitangulie. Jumatano zote alizoupa mlima mgongo kumbe kulikuwa na mtu upande wa pili anasimama.

"Sasa uongo wa nini?" aliuliza, sauti imepungua.

"Ningekuambia ni wangu, ungeupokea?"

"Ningeupokea, mjinga wewe! Wa mama yako nimeuogopa. Wako nimeusubiri miaka minne."

Wakatazamana. Nje mashine ya boti iliunguruma ikanyamaza. Keawe akanyoosha mkono juu ya meza, ukafika nusu, ukasubiri huko. Nohea akautazama, na badala ya kuushika akavuta bakuli la maji.

"Leta hapa."

Akalowesha utosi, akangoja ulainike, kisha akaanza kufumua. Alifumua mpaka pale chane zilipoanza kulegea, hakupita hapo. Akavuta upya, akakaza, akarudisha nyota ikakaa sawa. Juu yake akasuka mzunguko mmoja mzima kwa mkono wake mwenyewe, mkono uliofundishwa na Anti Luika. Keawe alimtazama vidole bila kupumua vizuri.

"Mpelekee mama," Nohea alisema alipomaliza. "Usimwambie chochote. Mkono wangu anaujua."

"Halafu?"

"Akiufumua mzunguko wangu, nitumie utosi hivyo hivyo. Nitatia sahihi, nitakwenda Alaska, na wewe usinifuate tena, hata kwa chumba chenye madirisha kumi."

"Alaska!" Keawe akasimama. "Nani amekuambia uende Alaska?"

"Na akisuka juu ya mzunguko wangu, hata chane mbili tatu, nitajua."

"Nohea, nimekuambia vidole havikunjiki."

"Basi hapo ndipo nitajua kweli."

"Na mimi je? Nikisema nakutaka hata akifumua? Nasema sasa, kwa mdomo huu huu uliokuwa unakunywa kahawa. Nakutaka."

Machozi yalimjia Nohea, akayaacha yaje. "Nimekusikia. Mungu anajua nimeyangoja maneno hayo. Lakini niliyemkosea ni yeye. Siwezi kuingia nyumbani kwake nimejificha mgongoni kwako."

Keawe akaufunga utosi kwenye gazeti lake. Mlangoni akageuka.

"Boti ya mwisho inarudi saa ngapi?"

"Saa kumi na nusu."

"Nitakuwemo mimi, au utakuwemo huu utosi. Usitie sahihi kabla."

Mchana ule ulikuwa mrefu kuliko miaka minne yote. Nohea alifundisha darasa la mashada ya maua, akamshonea mama mmoja shada la watu wawili bila kujua. Saa tisa alikuwa ameshuka mara tatu kwenye mlango wa boti, akirudi kila mara na kisingizio kipya.

"Umepoteza nini huko chini?" Anko Solomona aliuliza, ukulele kwapani.

"Hewa nzuri, Anko."

"Huko chini kuna dizeli. Hewa nzuri iko juu." Akamtazama vizuri, uchokozi ukampungua. "Yule mtoto wa Luika alijaza fomu ya abiria akaandika kazi yake ni mwanafunzi. Umri miaka thelathini na sita. Nilinyamaza tu. Ile karatasi?"

"Saa kumi na moja, Anko. Ulisema saa kumi na moja."

Boti ya mwisho ilikuja na upepo wa jioni, imejaa kofia za jua na mifuko ya maduka. Nohea alisimama nyuma ya baharia wa zamu akihesabu vichwa. Walishuka wa Minnesota. Wakashuka mzee na mkewe wamegombana. Akashuka mtoto analia aiskrimu. Boti ikawa tupu, baharia akaanza kufunga kamba, na Keawe hakuwemo.

Kwa hiyo ndiyo hivyo, Nohea alijiambia. Amefumua. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, akaishika karatasi ya Alaska, akageukia ngazi.

"Mwanangu! Umenipita macho kama nguzo!"

Alikuwa Bibi Dorothea, kofia imempanda upande, mfuko wa kikapu umemning'inia mkononi.

"Yule kijana wako nimemkuta gatini anatweta. Kanipa hii, kanifanya niape nikupe mkononi. Anasema harudi, chumba chake apewe mtu mwingine."

"Harudi?"

"Eti mama yake amemwambia abaki afagie baraza, atandike na jamvi. Nikamwambia, kijana, una safari uliyokwisha kulipia na unabaki kufagia? Akacheka peke yake. Mimi sikuelewa kitu. Wewe umeelewa?"

Nohea alikuwa ameingiza mkono kikapuni, na vidole vyake vimekutana na ubichi.

Gazeti halikuwemo tena. Utosi ulikuwa umefungwa kwenye kitambaa cha jikoni cha Anti Luika, kile cha miraba ya bluu, kimeloweshwa na kukamuliwa kama alivyozoea yeye. Nohea akakifungua. Nyota ilikuwa pale. Mzunguko wake ulikuwa pale, haukuguswa. Na juu yake kulikuwa na kitu ambacho mgeni yeyote angekiita kazi ya mwanafunzi wa siku ya kwanza. Chane zilipishana kwa shida, zimejikunja na kuacha matundu, nyingine zina alama za meno pale vidole viliposhindwa. Ulikuwa nusu mzunguko tu. Nusu nyingine iliachwa wazi, chane zake ndefu zimelazwa vizuri upande mmoja.

Akakaa palepale kwenye ngazi ya chuma, akalia kwa sauti. Bibi Dorothea, ambaye bado hakuelewa kitu, akakaa naye na kulia pia.

Anko Solomona aliwakuta hivyo. Akautazama utosi, akavua kofia yake mwenyewe, ya mkadi, ya nyumba nyingine.

"Huo mkono wa Luika," alisema polepole. "Nilisikia hasuki tena."

"Hasuki, Anko."

"Mh." Akajifuta pua. "Basi vizuri. Jumamosi mkataba wako unakwisha, utashuka. Siku tatu si nyingi."

"Itaota ukungu."

Anko akataka kusema neno, akaangalia kitambaa kibichi, akaliacha. Alikuwa mtoto wa wasusi naye. Anti Luika hakuwa mtu wa kulowesha kazi ya kungojea Jumamosi.

"Kesho asubuhi tukifika bandari ya Nawiliwili nashuka," Nohea alisema. "Nitapanda ndege ya kwanza inayokuja Kona." Akatoa karatasi mfukoni, safi bila wino, akamwekea mkononi. "Zimebaki siku mbili za darasa. Nifundishie."

"Mimi? Bangili? Na vidole hivi vya ukulele? Zote zitakuwa nyoka!"

"Waambie ndio mtindo wa huku."

"Mimi nitamsaidia," alisema Bibi Dorothea, akijipangusa midomo. "Yangu haijawahi kugeuka nyoka."

Nanga iling'oka saa kumi na moja kamili. Nohea alikuwa peke yake darasani, na mlima ulikuwa umeanza kusogea madirishani, wingu limeshuka mpaka kwenye mashamba. Mahali fulani chini ya wingu lile mtu mzima wa miaka thelathini na sita alikuwa anafagia baraza. Akakinyanyua kiti chake, akakigeuza, akaketi kuelekea dirishani. Akachovya vidole kwenye bakuli, akakinyunyizia kitambaa, akakipakata magotini.